Tone la Maziwa Chini ya Hadubini

Njombe ukitaka kuona seli, kwanza uone jua. Sisemi kwa mafumbo. Shule yetu ilikuwa na hadubini mbili, moja mbovu ya kuonyesha wageni na moja nzima ya kufanyia kazi, na hiyo nzima haikuwa na taa. Chini yake palikuwa na kioo kidogo cha duara ambacho unakigeuzageuza dirishani mpaka kikamate mwanga na kuurusha juu. Sasa Njombe mwezi wa sita na wa saba, nani atakupa mwanga? Ukungu unaingia asubuhi mpaka madarasani, unakaa na wewe dawati moja, unaondoka saa unayotaka wenyewe. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa anatoka nje na chaki mkononi, anasimama kwenye nyasi kutazama mawingu, na sisi tumeshapanga vitunguu na viwembe mezani. Akirudi anatikisa kichwa, tunajua leo hakuna kitu. Tunafungua madaftari na kuchora seli ya ubaoni, ambayo yeye mwenyewe ameichora kutoka kitabuni.

Nilikuwa kidato cha tatu. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, maduka ya watu binafsi, mabasi ya watu binafsi, mitumba mpaka milangoni, na shule nazo zikajifunza kumwambia mzazi alete mwenyewe. Kitunguu unaleta wewe. Wembe unaleta wewe. Kijiti cha kukwangulia shavu unachonga wewe kwa mwanzi, maana mianzi kwetu haijawahi kuadimika. Hata koti jeupe la mwalimu lilikuwa mtumba. Kifuani limefumwa jina la mtu wa Ulaya huko, jina refu lisilotamkika, na wavulana walikuwa wanamwita mwalimu kwa jina hilo akishageuka.

Praktikali yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza utazame seli ya mmea, yaani ngozi nyembamba ya kitunguu. Halafu utazame seli ya mnyama, na mnyama ni wewe mwenyewe, unajikwangua ndani ya shavu. Unachora zote mbili, unaandika majina ya sehemu zake na kazi ya kila sehemu, unasainiwa. Asiyesainiwa haendi mbele. Jambo dogo tu, kila mtoto wa sekondari nchi hii amelipitia, na wengi wameshalisahau. Mimi sijalisahau, na sababu siyo kwamba nilipenda baiolojia.

Siku ya kitunguu jua lilitoka. Mwalimu alipiga kelele kutoka nje kwamba limetoka, tukakimbilia foleni. Zamu yangu ilipofika niliinama nikaona kitu cheusi chenye miguu, nikaruka nyuma, darasa zima likacheka, maana nilikuwa nimeona kope zangu mwenyewe. Nilipoinama tena niliona duara safi lenye ukingo mweusi. Mwalimu akasema hicho ni kiputo cha hewa, na kwamba kila mwaka kuna mtu anamletea mchoro mzuri sana wa hewa. Mara ya tatu nikaziona. Zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, kila moja na ukuta wake, kila moja na kiini chake kimekaa pembeni. Nilishikwa na woga ambao sikuutegemea. Kitunguu nilikuwa nimekimenya miaka yote na kumbe ndani mlikuwa na watu wamelala.

Mwalimu akasema maneno ambayo yalifuatana na mimi. Alisema kwa kifaa hikihiki, hospitalini wanamwona mdudu wa malaria ndani ya damu. Wanamwona wa kifua kikuu ndani ya makohozi. "Mgonjwa anaweza kuficha," alisema, "lakini akishawekwa chini ya kioo, hafichi."

Jumamosi nikapanda gari kwenda nyumbani Makambako.

Nyumbani kwetu palikuwa vyumba viwili nyuma ya barabara kuu, na mtu akikuambia Makambako hulala mwambie aje akalale kwetu. Baba alikuwa dereva wa lori lake mwenyewe, mtu wa pwani, Mwislamu. Mama ni Mbena wa Matembwe, mtoto wa Walutheri wasiokosa ibada. Walifungia ndoa bomani ili kila upande ukasirike sawasawa, ndivyo baba alivyokuwa anasema. Baba alikonda mwaka mzima. Kwanza ilikuwa kifua, halafu tumbo, halafu wakasema ametupiwa kitu na mwenzake wa biashara. Alipofariki, ndugu zake walimzika alasiri ileile kama dini yao inavyotaka, na bibi yangu, mama yake mama, alipofika kutoka Matembwe juu ya lori la mbao, alikuta udongo mbichi. Kwa Bibi huo haukuwa msiba. Msiba ni kukaa na marehemu, kumwona uso, kulia naye. Alisimama pale makaburini akasema amemzika mkwe ambaye hakumuaga, na mpaka anakufa naye aliliona jambo hilo kama deni.

Wakati huo mama alikuwa na mimba kubwa. Mdogo wangu, wa kiume, alizaliwa baba akiwa ardhini, na alizaliwa na paji la uso la baba, na ile tabia ya baba ya kukunja nyusi kabla ya kupiga chafya. Watu walikuja kumtazama mtoto wakawa wanamtazama mama. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Siku zile ugonjwa ule haukuwa na jina mdomoni mwa watu wazima. Walisema fulani amekanyaga miwaya, wakanyamaza, wakaangalia pembeni. Mama alikuwa anauza chai na vitumbua karibu na stendi, na wateja wake walianza kuvuka barabara kabla ya kufika mezani kwake. Aliniambia, "Wananisalimia vizuri sana siku hizi. Hapo ndipo ninapojua."

Na lori la baba lilikuwa bado linapita. Baba zangu wakubwa walikuwa wameliuza kwa mtu mwingine wa palepale Makambako, na huyo mtu hakubadilisha honi. Baba alikuwa na honi yake ya sauti mbili, moja fupi moja ndefu, ambayo alikuwa anaipiga akikata kona ya kuingia mjini ili mama abandike maji ya kuoga. Basi tuko ndani, tunakula, honi inalia, fupi na ndefu, na mama mkono wake unasimama na tonge. Kila wiki. Hata mtoto alikuwa anageuza shingo. Nasema kweli, nilimchukia yule mwenye lori kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na sura yake hata siijui.

Jumamosi hiyo nilimkuta mama amekaa na mtoto mapajani, hamnyonyeshi, anamtazama tu. Bibi alikuwa amekuja katikati ya wiki na kuondoka kwa hasira. Alikuwa amemwambia mama maneno makavu. Muuguzi mmoja wa Lupembe alikuwa amesema kanisani kwamba ugonjwa ule unapita kwenye maziwa ya mama. Bibi alitaka apewe mtoto akamlee Matembwe kwa maziwa ya ng'ombe. Mama alikataa. Bibi akamwambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe yafiche ya kwako, lakini usimponze na mtoto." Akasema atarudi mavuno ya mahindi yakiisha, na atakaporudi anataka jibu.

"Nitampaje mtoto wangu kwa sababu ya maneno?" mama aliniambia. "Kama sina, nitakuwa nimemnyang'anya ziwa bure. Watoto wangapi wamekufa kwa kuhara maziwa ya ng'ombe? Na kama ninao, kila nikimnyonyesha namuua." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anamfuta mtoto udenda.

Nikamwambia aende hospitali. Akanitazama kama nimemtukana. Benchi la kupimia damu ile lilikuwa linajulikana na wote, aliyeonekana amelikalia alikuwa ameshazikwa na wenzake kabla hajasimama. Na hapo ndipo mimi, kwa kutaka tu kumtoa mama kwenye mawazo, nikaanza kumsimulia habari za kitunguu. Nilimsimulia zile safu, na kope zangu, na mwalimu na koti lake la jina la mtu. Mama alicheka kidogo. Halafu akaacha kucheka.

"Hiyo hadubini," akauliza, "inaona ugonjwa?"

"Mwalimu amesema ya malaria wanaona. Na kifua kikuu."

"Na maziwa, ukiyaweka, yanaonekana yalivyo?"

Nikasema kitu chochote kinaonekana, mradi kiwe chembamba na jua liwepo. Niliamini nilichosema. Mama aliinuka, akachukua kichupa cha dawa ya sindano, kile chenye kifuniko cha mpira, ambacho alikuwa anatilia mafuta ya cherehani. Alikichemsha kwenye sufuria ndogo. Kilipopoa akanigeuzia mgongo, akakamulia humo. Aliponipa kilikuwa bado na joto la mwili wake. Akasema, "Usimwambie mtu, mama. Angalia wewe mwenyewe. Ukishaona, njoo uniambie ulichoona, usinipunguzie."

Mjini Njombe nilikuwa nimepanga chumba Mjimwema na wasichana wawili wa darasa letu. Nilikiweka kichupa kwenye kikombe cha maji dirishani, na baridi ya Njombe ni friji tosha. Jumatatu ukungu haukuondoka. Nilikaa darasani kutwa nzima na kile kichupa mfukoni mwa sweta, nakishika, nakiachia. Mwalimu wa jiografia aliniuliza swali nikajibu jina la mkoa ambao hakuuliza. Nilikuwa naomba jua litoke, na papo hapo naomba lisitoke.

Lilitoka Jumanne baada ya kipindi cha mwisho, dogo, la manjano, la kuazima. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopangiwa zamu ya kuosha slaidi, na mwenzangu alikuwa amekwenda kuchota maji. Nilitikisa kichupa kwa sababu maziwa yalikuwa yamejigawa, nikadondosha tone, nikalifunika na kile kioo chepesi kama tulivyofundishwa, kwa kulaza, ili hewa isiingie. Nikageuza kioo cha chini. Nikainama.

Yalikuwa mengi. Mengi mno. Viduara vidogo, vikubwa na vidogo sana, vinang'aa, vimejaa kila mahali nilipotazama. Na vilikuwa vinacheza. Vile vikubwa vimetulia, lakini vile vidogo vilikuwa vinatetemeka, vinasogea, vinarudi, havitulii hata kidogo. Kitunguu hakikuwa kinacheza. Kwenye kitunguu kila kitu kilikuwa mahali pake. Hapa palikuwa na kitu kilicho hai na hakina mpango na mtu.

Basi nikajua. Mama yangu amekwisha na mtoto amekwisha, na mimi nimewaona wauaji wao kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Sikulia. Nilisimama nimeshika ukingo wa meza, na kilichonijia kichwani ni upumbavu mtupu, kwamba nani atanilipia gari ya kwenda kuzika. Halafu nikainama tena kutazama, kwa sababu mama alisema nisimpunguzie. Bado vilikuwa vinacheza.

"Leo kuna nini humo?" Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu, koti lake lina madoa mikononi ya ile dawa ya bluu ya kutilia seli rangi.

Nikasema, "Maziwa, mwalimu."

"Maziwa ya nini?"

"Ya ng'ombe."

Akanisogeza taratibu, akainama. Alitazama muda. Alizungusha ile skrubu ya kurekebisha, akatazama tena. "Vizuri," akasema. "Umelaza kioo vizuri, hakuna kiputo. Haya ni matone ya mafuta. Maziwa ni maji yenye mafuta yaliyogawanyika vipandevipande. Ukiyasukasuka unapata siagi, ukiikaanga siagi unapata samli, si ndiyo hayahaya?"

"Mbona vinatembea?"

"Havitembei. Maji yenyewe ndiyo hayatulii, yanavisukuma. Hata chembe ya vumbi ukiiweka itacheza hivyo. Siyo uhai, binti."

Nikamwambia siamini. Sikuwahi kumwambia mwalimu siamini, na kwa jinsi shule zetu zilivyokuwa ningeweza kuchapwa. Yeye akatoka. Alirudi na kikombe chake cha chai ya maziwa kutoka ofisini, akadondosha tone kwenye slaidi nyingine, akabadilisha, akaniambia nitazame. Vilevile. Viduara, vikubwa na vidogo, vinang'aa, vinacheza. Chai ya mwalimu ilikuwa inacheza sawasawa na maziwa ya mama yangu.

Nikakaa kwenye stuli. Mwalimu alikuwa anafuta slaidi kwa kipande cha khanga ya zamani, hanitazami. Akauliza, "Huyo ng'ombe anakaa wapi?"

"Makambako."

"Ana ndama mkubwa?"

"Miezi mitano."

"Na dume lake lipo?"

Nikasema lilikufa. Mwalimu aliiweka ile slaidi kwenye boksi, akaichukua tena, akaifuta mara ya pili.

"Kile unachokitafuta hakionekani kwa hadubini hii," akasema. "Ni kidogo mno. Hata hizo za hospitali hapa hazikioni, wanachopima ni alama zake kwenye damu. Kingekuwa kinaonekana kwa hii, unafikiri mimi ningelala usiku? Ningekuwa nimeshajitazama zamani." Mwalimu alikuwa mtu wa miaka thelathini na kidogo, mjane, tulijua kwamba ni mjane na hatukuwahi kujiuliza mkewe alikufa kwa nini. "Mwambie mwenye ng'ombe aende hospitali. Ugonjwa hauwi mkubwa kwa kujulikana. Na kama hana, atanyonyesha kwa raha. Hiyo raha peke yake inatosha kwenda kukalia benchi."

Jua lilikuwa limeshaondoka.

Jumamosi nilimweleza mama yote, neno kwa neno, na lile la viduara, na lile la chai. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na Bibi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye mkeka na kapu lake, anasikiliza. Nilifikiri mama atavunjika moyo kwamba hadubini haikumpa jibu. Lakini alichoniuliza ni kingine. "Yalikuwa yanang'aa?" Nikasema ndiyo, yalikuwa yanang'aa. Alimchukua mtoto akampa ziwa pale pale mbele ya Bibi, na Bibi akageuza uso ukutani. Mtoto alinyonya kwa kelele, mguu mmoja juu. Alipomaliza mama akasema, "Mama, nipe muda kidogo. Nitakwenda. Nikishajua, nitakupa jibu, na sitabishana na wewe."

Bibi akasema kwa Kibena kitu ambacho sikukielewa vizuri, kwa sababu sisi tulikulia barabarani na Kibena chetu ni cha salamu, kamwene na basi. Mama hakunitafsiria.

Alikwenda wiki iliyofuata, kule Njombe, siyo Makambako, ili asionwe na wa karibu. Walimtoa damu wakamwambia arudi baadaye kwa majibu. Mimi siku hizo zote nilikuwa nasoma, nakula, nafua, lakini sikuwa nipo. Nikisikia honi yoyote barabarani nasimama.

Siku ya majibu ndiyo siku jua lilipoamua kutoka kwa ajili ya seli ya shavu. Darasa zima lilikuwa maabara. Nilijikwangua kwa kijiti changu, nikapaka kwenye slaidi, nikatia tone la bluu, nikasubiri zamu. Seli za shavu hazikupangwa kama za kitunguu. Hazina ukuta. Zimelala ovyo, nyingine zimekunjwa kama nguo, nyingine moja peke yake mbali na wenzake, na kila moja ina doa lake la bluu nzito katikati. Mwalimu alisema hizo tayari zimekwisha kazi, ndiyo maana zinatoka kirahisi hivyo, shavu linazitupa kila siku na sisi tunazimeza bila habari. Nilikuwa nachora, nimeshaweka kiini, naandika kazi ya ule utando wa nje, kwamba unaamua kipi kipite na kipi kisipite, kiranja akaja kuniambia nje kuna mama yangu.

Mwalimu alitazama dirishani akamwona mama na mtoto mgongoni. Alichukua karatasi yangu isiyokwisha, akaisaini. "Nenda," akasema.

Mama alikuwa amevaa vizuri, kitambaa cha kichwani cha kwendea kanisani. Tulipofika hospitali hakutaka kuingia chumba cha majibu akiwa na mtoto. Alinipa, nikabaki nje chini ya mti wa mkaratusi, namrusharusha, anacheka, anakunja nyusi, anapiga chafya. Sikumwambia Mungu kitu chochote. Niliogopa kumkumbusha.

Alipotoka alikuwa anatembea kama kawaida. Aliniuliza kama mtoto amelia, nikasema hapana. Alimchukua, akamtazama, akamfunga mgongoni. Tukashuka stendi.

Stendini palikuwa na manyunyu. Gari la Makambako lilikuwa halijajaa, na mama mmoja muuza viazi vya kuchemsha akatupisha kwenye benchi lake chini ya turubai. Mtoto alikuwa hajanyonya tangu asubuhi. Akaanza kunung'unika, halafu kulia. Mama akamteremsha, akampakata, na yule mtoto akageukia kifuani kama alivyozoea, anatafuta kwa mdomo juu ya blauzi. Mama akamgeuza, akamtazamisha barabara. Mtoto akalia kwa nguvu zaidi. Nilimtazama mama usoni nikaelewa, na nilipoelewa nilitamani nisingekuwa na akili yoyote.

Watu wakaanza. Ujue kwetu mtoto analia ni wa wote. "Mama, mpe mtoto ziwa." "Ana njaa huyo, si unaona anavyojigeuza?" Mzee mmoja wa kiume akasogea pembeni kwa heshima ili mama asione haya. Mama akawa anaitikia, ndiyo, ndiyo, asante, na anatabasamu. Muuza viazi akavua khanga yake ya juu. "Jifunike na hii, mdogo wangu. Hapa sote wanawake."

Mama akashukuru. Akajifunika, yeye na mtoto, mpaka mabegani. Watu wakaridhika, wakageukia mambo yao. Chini ya khanga mama hakufungua kifungo hata kimoja. Mimi nilikuwa upande wake nikiona, kidole chake cha shahada kikiwa mdomoni mwa mtoto, na mtoto anakinyonya, anakiachia, analia, anakishika tena. Na maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe. Yalilowesha blauzi, yakapita kwenye khanga ya watu, doa moja na la pili, yanakua.

Gari lilipopiga honi mama alikunja khanga akamrudishia mwenyewe. Yule mama akaishika, akahisi unyevu, akatazama kifua cha mama, akatazama mtoto aliyewiva uso kwa kulia. "Kumbe maziwa unayo tele," akasema. "Mbona unamnyima mwanao?"

"Ndiyo, dada," mama akasema. Akapanda gari.

Bibi alimchukua mtoto kesho yake asubuhi. Mama hakubishana, kama alivyoahidi. Mama alifariki nikiwa kidato cha sita, na Bibi safari hii aliwahi, akakaa naye mpaka mwisho. Mdogo wangu alikulia Matembwe kwa maziwa ya ng'ombe, akahara mwanzoni wakadhani hatapona, akapona. Amepimwa zaidi ya mara moja, hana kitu. Ni mtu mzima, fundi wa mbao, anajenga, anacheka kwa sauti ya baba.

Mwaka jana alikuja kwangu na mkewe, tunakula, mkewe ananyonyesha pembeni, na yeye akasema kwa utani kwamba mwanawe anafaidi, yeye alinyimwa ziwa. Ndivyo walivyomwambia kule kijijini, kwamba mama yake alikuwa mtu wa mjini, alimnyima ziwa akampeleka kwa bibi. Nilikasirika. Nilisukuma sahani nikamweleza yote haya, hadubini na benchi na khanga ya muuza viazi, mbele ya mkewe, bila kumpunguzia.

Nilipomaliza akauliza yale maziwa ya mama yalichukua muda gani kukauka.

Nikamwambia mama alikuwa anayakamulia ukutani, nyuma ya jiko, asubuhi na jioni. Na siku Bibi alipoleta habari kwamba mtoto ameanza kutambaa, bado yalikuwa yanatoka.